Aliposema Pedali Inashuka

Kasungami, Jumapili, baada ya misa

Jua kali tangu asubuhi. Mawingu yamejikusanya upande wa mto Kafubu lakini mvua haitaki kushuka. Mikono yangu bado inanuka mafuta ya breki. Nimeinawa kwa sabuni, kwa majivu, kisha kwa sabuni tena, mpaka Mama akaniambia niache kujichuna ngozi nije nile. Sina njaa.

Ngalula ameondoka leo alfajiri.

Haya, nimeliandika jina lake. Mwaka mzima sijaliandika humu, kana kwamba daftari lingekwenda kunichongea kwa mjomba.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa changu leo kinarukaruka. Ijumaa mchana nilikuwa nyuma ya nyumba nanoa majembe ya Mama, nikasikia kamioneti, gari dogo la mizigo, inakuja kwa gia ya kwanza, taratibu, kama inaogopa kukanyaga kuku. Niliijua kwa sauti kabla ya kuiona. Ni ya Papa Kabeya, baba yake Ngalula, muuza vitambaa kutoka Kasai ambaye alihamia mjini kabla mimi sijazaliwa. Alipofika uani hakukanyaga breki. Alizima injini, akaiacha kamioneti ijiegemeze yenyewe kwenye kichuguu chetu.

Akashuka, akavua kofia, akanisalimu vizuri, kama watu tulioonana jana. Akanieleza shida ya breki zake, akizifananisha na ugali: "Mutoto yangu, freni iko laini sawa bukari ya mayi mingi."

Gereji mbili za mjini zilikuwa zimemfukuza kwa sababu ni Mkasai. Alikumbuka kwamba nilikuwa fundi kwa Mbelgiji mmoja mpaka alipofunga milango na kukimbilia Rodezia, na kwamba vyombo vyangu bado ninavyo. Alitaka kwenda Sakania kwa mdogo wake, na kutoka huko wavuke mpaka. Wiki iliyopita nyumba ya jirani yao, Mkasai mwenzao, ilichomwa na vijana waliokuja na orodha ya majina. Mtu mwema alimnong'oneza kwamba jina lake limo pia, ukurasa wa pili.

Na njia ya Sakania ina vizuizi. Majandarme, askari wa Katanga, wakisema simama, gari lisiposimama palepale wanapiga risasi, maswali baadaye. Pedali laini kwenye njia ile ni kaburi.

Nilikwenda kuangalia ndani ya kabini, nikamkuta Ngalula amekaa pale na mafurushi magotini.

Mwaka jana, kabla Katanga haijajitangaza kuwa nchi peke yake, mjomba wangu alikuwa amekubali tupeleke maneno ya posa kwa kina Ngalula. Siku ilikuwa imepangwa, Mama alikuwa amekwisha kushona kanzu ya kuvaa. Kisha bendera ikabadilika, na mjomba akabadilika pamoja nayo. Alisema hataki kuona mtu wa Kasai ndani ya ukoo. Na mimi, fundi hodari wa injini za watu, nilifanya nini? Nilinyamaza. Hata kwenda kumwambia Ngalula sikwenda. Nilimwacha ajue mwenyewe, kwa kutoniona.

Nilikuwa mwoga. Neno lingine sina.

Basi Ijumaa nikajificha ndani ya kazi. Nilifungua kikopo cha mafuta ya breki, kimejaa. Papa Kabeya alisema siku mbili nyuma alikikuta kikavu, akajaza mwenyewe. Nikaingia chini. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limelowa upande wa ndani, nati ya bomba imelegea. Nikaikaza. Nikapanda kujaribu pedali: ukiikanyaga mara moja inazama mpaka sakafuni, ukiipiga mara nne tano inapanda. Hiyo ni hewa. Kikopo kilipokauka hewa iliingia kwenye mabomba, na mzee alijaza mafuta bila kuitoa.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini na spana anafungua ile nati ndogo ya gurudumu. Papa Kabeya ana goti bovu. Mama alikuwa shambani. Nikasema, huku natazama tairi, kwamba Ngalula asogee upande wa usukani.

Sakafu ya kamioneti ile imeoza, ina matundu. Nikiwa nimelala chali juu ya gunia nilikuwa naona kiatu chake, na kisigino kilichopasuka kidogo kwa vumbi la ukame. Nikasema, "Finya." Akajibu, "Nilisha kufinya." Nikafungua nati, povu likatoka, nikafunga. Nikasema, "Achia."

Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza baada ya mwaka. Tuliyarudia kwa magurudumu yote manne, na ningeweza kuyarudia mpaka Krismasi.

Pedali ikawa juu, ngumu. Likabaki jaribio la mwisho: aikanyage kwa nguvu, aishikilie, ahesabu mpaka mia. Kama silinda kuu ya breki imechoka ndani, pedali huzama polepole chini ya mguu hata kama hakuna tone linalovuja nje. Fundi aliye chini haoni kitu. Anategemea neno la mwenye mguu.

Alihesabu kwa sauti. Kwenye sitini akanyamaza. Kisha akasema, "Inashuka. Polepole, lakini inashuka."

Nikamweleza baba yake kwamba lazima nifungue silinda, na kwamba hiyo ni kazi ya kesho, kwa mwanga wa jua. Mzee akaguna, akakaa kwenye kichuguu. Mama aliporudi aliwapa chumba chake bila kuuliza lolote. Ngalula alipika sombe ya majani ya mihogo, na Mama akacheka kwa jambo aliloambiwa jikoni. Sikuwa nimemsikia Mama akicheka hivyo tangu mwaka jana. Mimi nilikula sahani mbili, nikitazama ukuta.

Jana asubuhi niliitoa silinda kuu, nikaifungua juu ya kitambaa safi. Mipira yake ilikuwa mizima, midomo imekaa vizuri. Ukuta wa ndani unang'aa, hauna hata mkwaruzo mmoja. Nikaielekeza juani, nikaizungusha, nikapitisha kidole. Nikarudia. Silinda ile ingeweza kufanya kazi miaka mitano mingine.

Pedali haikuwa inashuka.

Nilipoinua macho, Ngalula alikuwa amesimama mlangoni na majani ya mihogo mkononi. Alinitazama moja kwa moja, wala hakuinamisha uso.

Nilifurahi. Nikifa kesho, iandikwe kwamba nilifurahi. Niliyemwacha bila neno alikuwa amedanganya mbele ya baba yake ili apate siku moja zaidi kwenye uwanja wetu. Nikaanza kupanga. Ningesema mipira imekwisha. Duka la kuiuza halipo, ningejifanya natafuta, ingepita wiki, labda mbili. Papa Kabeya angeniamini, maana ndiye aliyekuja kwangu baada ya milango yote kufungwa.

Kisha mke wa jirani akapita na ndoo yake, akasimama njiani, akamuuliza Mama kamioneti hii ni ya nani na wenyewe ni watu wa wapi.

Mama alijibu kitu. Sikusikia. Nilikuwa nimekwisha kuanza kurudisha mipira mahali pake.

Baada ya kufunga silinda, hewa lazima itolewe tena. Mafuta niliyokuwa nayo ni nusu kopo, akiba ya kutoka gereji, kwa hiyo yaliyotoka Ijumaa nilikuwa nimeyakinga kwenye chupa na kuyachuja kwa kitambaa. Ngalula alipanda kwenye usukani kabla sijamwita. Finya. Nilisha kufinya. Achia. Safari hii wote wawili tulijua. Magurudumu yalipoisha povu niliyazunguka tena upya, yote manne, na mafuta yalikuwa safi kama maji. Huo ndio wizi wangu, wa dakika chache. Baba yake alidhani mimi ni fundi makini sana.

Papa Kabeya akauliza imekuwaje. Nikatoka chini, nikasimama kando ya mlango, nikaikandamiza pedali kwa mkono wangu mwenyewe, juu ya kiatu chake. Ngumu kama jiwe. Nikasema, "Iko muzuri, Papa. Mutaenda kesho asubui."

Mzee akanishukuru, akaenda kufunga mizigo. Ngalula hakuondoa mguu. Akasema kwa sauti ya chini, mimi tu nisikie: "Ungelisema tu inashuka."

Sikumjibu. Mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, na yeye yuko hatua moja kutoka kwangu.

Leo wameondoka na umande. Nilishikilia mlango, nikaufunga. Ngalula alinipa mkono kama unavyompa mkono padri. Kwenye mteremko wa kwenda njia kuu niliona taa nyekundu za nyuma zikiwaka, gari likapunguza mwendo sawasawa bila kuvuta upande, na nikajikuta nakagua kazi yangu huku machozi yananitoka.

Baada ya misa muuza makaa amepita na baiskeli yake. Aliwaona kwenye kizuizi cha kwanza. Jandarme mmoja alitokea ghafla kutoka kwenye majani, bunduki mkononi. Kamioneti ilisimama palepale, vumbi lake lenyewe likaipita. Wakapekua vitambaa, wakaongea ongea, wakawaachia.

Namshukuru Mungu. Nimesema hivyo kwa mdomo, na mbele ya muuza makaa. Lakini ndani kuna sehemu ndogo mbaya inayosema kwamba breki zingekuwa mbovu angekuwa hapa sasa hivi, anachambua majani na Mama. Angekuwa hapa mpaka wale wa orodha wafike. Najua hilo, na bado sehemu ile hainyamazi.

Najiambia sikupanda kwa sababu ya Mama, atabaki na nani, shamba litalimwa na nani. Ni sababu nzuri, nimeitumia tangu alfajiri. Mchana huu, akiwa anafunika chakula nisichokula, Mama mwenyewe ameniuliza mbona kulikuwa na nafasi nyuma, juu ya vitambaa, na mimi nimebaki nimesimama.

Treni ya Sakania bado inatembea siku mojamoja. Kesho naenda kwa mjomba. Siendi kuomba. Nakwenda kumwambia namfuata nani, kwa jina, na kwa sauti ambayo hata majirani zake wataisikia.