Binti Yangu Anataka Kuhama Chuo kwa Sababu Yangu

Maman Patricie, mshauri wetu,

Nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana nyumbani wamekwisha kugawanyika na mimi mwenyewe sijui tena nisimame upande gani. Naitwa Drocella, mke wa Habumugisha anayeendesha lori la mchele kati ya Bugarama na Kamembe, na tunakaa Gashonga. Nimekulia Bukavu, upande wa Congo, nikarudi Rwanda na wazazi wangu nikiwa bado sekondari, na kwa vurugu za miaka ile masomo yangu yakakatika, halafu ikaja ndoa, likaja shamba, wakaja watoto, na shule nikaiweka kando kama nguo ya marehemu, huwezi kuivaa na huwezi kuitupa.

Mtoto wangu wa kwanza ni binti, Ingabire. Alipopata nafasi chuo kikuu hapa Kamembe mimi ndiye niliyemsindikiza, nimejitwika godoro lake kichwani, na tulipokuwa tunapita kwenye korido moja nikaona mlango uko wazi, ndani vijana wameinamia meza kimya kabisa, kila mmoja jicho lake liko kwenye hadubini, hakuna anayewafokea, hakuna anayewachunga, wamenyamaza kwa hiari yao, na mimi nikasimama pale na godoro langu mpaka Ingabire akarudi kunivuta mkono.

"Maman, twende, batu banatuangalia."

Nikaenda, lakini nilijua sijaondoka.

Nilirudi shule, Maman Patricie. Nilifanya mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa nje, na Ingabire mwenyewe ndiye aliyenifundisha hesabu kila Jumapili akija nyumbani, tumekaa jikoni tunachambua maharage, na nilipofaulu alilia kuliko mimi. Ila nilipomwambia nimepata nafasi katika chuo kile kile, kwa sababu ndicho cha karibu na ndicho ninachoweza kwenda na kurudi kwa pikipiki, alisema, "Sawa, Maman. Lakini kule usiseme mimi ni mutoto wako. Tuwe tu kama batu babili banasoma pamoja." Nikakubali.

Sasa nikueleze nilichokikuta, maana usipokielewa hicho hutaelewa kwa nini naumia. Katika wiki za kwanza tulikwenda kuchota maji ya Ziwa Kivu kwenye chupa, mwalimu akaweka tone moja juu ya kioo, akaniambia niangalie. Maji hayo nimeyafulia, nimeyaogeshea watoto, nimeyavuka nikiwa mgongoni mwa mama yangu, na nilidhani nayajua. Mle ndani mlikuwa na viumbe, Maman, vingine vimejikunja kama pete, vingine ni kama vioo vilivyochongwa na fundi mwenye subira, kimoja kinapita polepole kama mzee anayekwenda misa, na vyote viko hai, vina shughuli zao, havina habari na mimi, nikashika ukingo wa meza kwa sababu niliona kama naanguka ndani. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akisubiri zamu hakunisukuma. Alisema tu, "Baki kidogo, Maman. Mimi nilishaona jana."

Kuna mwalimu wetu, Dokta Ntabaza. Siku moja msichana alimwuliza jambo fulani juu ya sambaza, hawa samaki wadogo wa ziwani, naye akafikiri, akakuna kidevu, akasema mbele yetu sote, "Sijui. Pengine wewe ndiye utakayekuja kutuambia." Nimeishi umri wangu wote sijapata kumsikia mtu mwenye cheo akisema sijui bila kukasirika. Niliandika neno hilo, nikalitazama.

Na hao vijana wenyewe. Wakati wa chakula cha mchana wanabishana kama nyota zina mwisho, mmoja ni Mwislamu mtoto wa fundi cherehani wa Kamembe, mwingine mwimbaji wa kwaya ya Waadventista, mwingine Elikia anayevuka mpaka kila asubuhi kutoka Bukavu, wanapandisha sauti mpaka nadhani watapigana, halafu mvua inanyesha na wote watatu wanakimbilia chini ya mwavuli mmoja, bado wanabishana. Wananiita Maman wa Promosyo, yaani mama wa darasa, lakini nikikosea wananisahihisha kama wanavyosahihishana wao, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwamba pale ndani nina haki ya kukosea.

Mwezi uliopita chuo kiliwaalika wanafunzi wa sekondari waje kutembea, na kila mwaka wa masomo ukachagua mtu mmoja wa kuwaeleza nini tunakipenda katika maisha ya chuo. Mwaka wa kwanza wakanichagua mimi. Mwaka wa tatu wakamchagua Ingabire. Waliniita wa kwanza. Nikaanza na lile tone la maji kwa sababu sikuwa na jingine, na ukumbi ukatulia, nikasema ya Dokta, nikasema ya mwavuli, watoto wakacheka, wengine niliwaona wanafuta macho, na mimi nikabebwa na maneno yangu mwenyewe, nikasema haya yote nimeyapata kwa sababu ya binti yangu aliyenifundisha hesabu jikoni, ndiye yule pale mbele, Ingabire, nikamwonyesha kwa mkono, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Halafu wakamwita yeye. Alipanda, akashika kipaza sauti, akaangalia karatasi yake, akasema, "Karibuni chuoni kwetu. Mama yangu amekwisha kusema." Akashuka, akatoka nje.

Nilimfuata nikamkuta kwenye ukuta unaotazama ziwa. Hakuwa analia.

"Maman," akasema, "Gashonga ni kwako, jikoni ni kwako, Jumapili ni yako. Hapa palikuwa pangu."

"Nilitaka kukusifu, mwanangu."

"Najua. Njo maana hata kukasirika muzuri siwezi."

Tangu hapo haji nyumbani. Ameomba kuhamia chuo kingine, mbali, akiwa katika mwaka wake wa mwisho, na anajua kuna masomo atakayolazimika kuyarudia. Mimi nami nimeandika barua ya kuacha, iko kwenye mkoba, sijaipeleka. Baba yake anasema, "Mumoja anahama, mwingine anaacha, mimi niko nabeba muchele kwa ajili ya nani?" Mama mkwe anasema niliyataka mwenyewe. Maman Patricie, mtu anaweza kupenda mahali kuliko anavyostahili? Pale ni pa mtoto wangu, yeye ndiye kijana, yeye ndiye mwenye maisha mbele. Niache? Ukisema niache nitaacha bila kinyongo, lakini sijui nitawezaje kurudi kuyaona maji kuwa ni maji tu.

Drocella, Gashonga


MSHAURI ANAJIBU

Drocella,

Barua yako niliisoma ofisini nikiwa na glasi ya maji mkononi, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu huu niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, nikaitazama vizuri kabla ya kunywa. Kwa hiyo usiniulize kama unastahili. Swali hilo halina maana na silijibu.

Nakujibu lile ulilotaka kunipitisha haraka. Binti yako alikuomba jambo moja kabla hujaingia chuo, nawe umeliandikia neno moja tu, "Nikakubali." Siku ulipolivunja umeliandika katikati ya sentensi ndefu, limefichwa kati ya machozi ya watoto na makofi, mpaka nilirudi nyuma kulitafuta. Tena hujaandika popote kwamba ulimwomba radhi. Ulimwambia ulitaka kumsifu. Mtu uliyemkanyaga mguu humwambii kwamba ana viatu vizuri.

Na kuna jambo la pili, ambalo lilinishangaza zaidi. Umenieleza unachokipenda wewe pale chuoni mpaka mimi na mvi zangu nikatamani kununua mfuko wa shule. Lakini Ingabire naye alisimama na karatasi mkononi. Alikuwa na lake la kuwaambia wale watoto. Katika barua yako nzima sikuona lilikuwa nini. Hukuniambia kwa sababu hulijui, na hulijui kwa sababu hukuuliza.

Ndiyo maana sikusubiri siku ya gazeti. Nilikupigia simu, nikakutuma: nenda kwa binti yako, mwombe radhi kwa maneno mafupi, mwulize karatasi ile ilisema nini, kisha ufunge mdomo. Wewe na yeye mmeniruhusu niwasimulie wasomaji yaliyotokea, nami nayasimulia kwa sababu wazazi wengi wa wilaya yetu ya Rusizi wanahitaji kuyasikia.

Ulimkuta nyuma ya bweni anafua. Ulimwomba radhi. Ukamwuliza. Alisema karatasi ameshaitupa. Hukubishana, ulichukua shuka moja kwenye beseni, ukaanza kulisuuza. Mlifua hivyo kwa muda, na alipoanza kusema hakukutazama.

Alisema alitaka kuwaambia wale watoto habari ya siku yake ya kwanza darasani. Mwalimu alikuwa anauliza majina, akafika kwake, akasema, "Ingabire," mwalimu akaandika, akaenda kwa mwingine. Basi. Hakuna aliyeuliza wewe ni wa nani. Gashonga yeye ni mtoto wa Habumugisha wa lori, kanisani ni mjukuu wa bibi fulani, kwa majirani ni wa wale waliotoka Congo. Pale alikuwa Ingabire. Akisema kitu kizuri, ni chake, akisema upuuzi, ni wake. Alikuambia kwamba siku ile alitoka darasani akatembea peke yake mpaka ziwani, anajisikia mwepesi hata akaogopa upepo, na kwamba kwa miaka mitatu hajaizoea hali hiyo, kila akipita getini inamjia upya.

Uliponipigia kunisimulia, sauti yako ilikuwa ya mtu aliye kanisani. Uliniambia, "Maman Patricie, muntu huyu nilimuzaa mimi, na sikuwa namujua." Ukaniambia shuka lilikuwa linakuchuruzikia miguuni na hukuthubutu kulikamua, usije ukafanya kelele akanyamaza.

Mama na mwana wameingia mlango mmoja, hawajaambiana, na kila mmoja amekuta ndani kitu kile kile: mahali ambapo mtu anaruhusiwa kuanza. Wewe unapenda kwamba pale unaweza kukosea. Yeye anapenda kwamba akikosea, kosa halimwendei baba yake. Nimefanya kazi hii muda mrefu, na ni mara chache naletewa ugomvi mzuri kiasi hiki.

Lakini uzuri wake haumalizi ugomvi, kwa hiyo sikilizeni.

Ingabire, naanza na wewe, kwa sababu najua mama yako atakupa ukurasa huu. Ulikuwa na haki ya kuumia. Hukuwa na haki ya kuwanyima wale watoto maneno yako. Pengine katika ukumbi ule kulikuwa na msichana ambaye angelihitaji neno lako kuliko la mama yako, naye amerudi kwao bila kulisikia. Na huko unakotaka kuhamia, watakuuliza kwa nini umehama mwaka wa mwisho, na utajikuta unaeleza habari za mama yako kwa watu wasiomjua. Utakuwa umembeba kwenda naye. Kaondoe ombi lako wiki hii. Maliza pale ulipoanzia. Mama yako ameniahidi kwa simu kwamba atakuheshimu. Mpe nafasi aonyeshe kwa vitendo, na akisahau, mwambie siku ile ile, kwa mdomo, usiandike barua ya kuhama.

Drocella, barua iliyo kwenye mkoba ichane leo. Ukiacha chuo, utampa binti yako mzigo wa kubeba maisha yake yote, na kila Jumapili akikuona unachambua maharage atajiuliza kama ni yeye aliyekurudisha hapo. Usimfanyie hivyo halafu ukaita upendo.

Utaendelea kusoma, na utajifunza adabu ya mahali hapo kama mgeni anavyojifunza. Ndani ya geti, yeye ni Ingabire wa mwaka wa tatu. Usikae meza yake wakati wa chakula. Usimpelekee chakula bwenini bila kuitwa, najua umekwisha kufanya, hukuandika lakini mimi pia ni mama. Wanafunzi wenzako wakikuuliza habari zake, na sasa watauliza kwa sababu wewe ndiye uliyewaambia, wajibu kwamba wamwulize mwenyewe. Watu wakimwita mtoto wa Maman wa Promosyo, wewe ndiye utakayewasahihisha, tena hadharani, kwa jina lake. Na usimngojee akutambulishe kwa rafiki zake. Huenda akafanya hivyo mwezi ujao, huenda akahitimu bila kufanya hivyo. Vyote viwili ni haki yake.

Jumapili akirudi nyumbani, usimwulize masomo. Mpikie, mwache alale. Akitaka kusema, atasema, na ukimsikia anasema, acha unachokifanya.

Habumugisha nimempelekea salamu zangu pia. Nimemwambia aendelee kubeba mchele.

Kesho nyote wawili mna vipindi. Nendeni. Ingabire atangulie, nawe umwache afike kwanza.