Usukani wa Dokta Audace

Mwese, 2 Juni 2024

Mwanangu Gervas,

Nakusalimu kutoka huku milimani. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu, chini ya hapo ni ule mguu unaoujua. Masikio yameshafunga duka kabisa, maneno ya watu nayasoma midomoni. Dada yako Restituta hajambo, anakusalimu, anapiga kelele hapa mlangoni naona mdomo tu unachezacheza. Wewe huko Tanga unaamkaje? Samaki wa chumvi hawajakuharibu tumbo?

Barua yako bodaboda kaileta kutoka stendi ya Mpanda. Nimeisoma mwenyewe siku mbili nikaimaliza. Restituta alitaka kunisaidia nikamwambia kaa na mboga zako.

Nimeelewa hivi. Huyo Dokta Audace, Mrundi mstaafu aliyekuajiri, kanunua chombo cha mbao cha matanga chenye vitanda na jiko humo ndani. Mwezi wa kumi na moja anataka nyie wawili mvuke bahari mpaka Shelisheli, siku kumi na mbili hamuoni nchi. Matanga mmeshona, mlingoti mmeukagua, matangi ya maji tayari. Kilichobaki ni usukani, wa zamani umepasuka, na wewe ukamwambia utamtengenezea mpya kwa sababu baba yako ni Ambrosi Lyamba wa Karema.

Ulisema vizuri. Mwambie mashua kumi na tisa nimeunda kwa mkono huu na zote zimevuka mpaka Kongo na kurudi. Muulize yeye kwao Bujumbura kama hawajasikia.

Sasa sikiliza. Usichukue mninga, mninga ni wa vitanda vya maharusi. Chukua mbao za mti wa mtundu. Mbao ukishazipasua usikimbilie randa. Zilaze ndani ya maji, zikandamize na mawe, zikae miezi miwili zinywe mpaka zishibe. Ubao ulioshiba maji hauna tamaa tena, ukiukausha kivulini hautapinda wala hautapasuka. Ndivyo tunavyofanya Karema tangu babu zangu. Fanya hivyo hivyo, usiongeze akili yako.

Mimi mguu na dada yako wamenifungia huku milimani kama mbuzi wa sadaka, hata ziwa silioni. Laiti ningekuwa na miguu ningekuja kuutengeneza mwenyewe.

Ni mimi baba yako,
Ambrosi Lyamba, Fundi

*

Tanga, 20 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini mguu umepungua maumivu na Restituta anakupaka ile dawa hata kama unamfukuza. Mimi afya ipo. Dokta naye hajambo, ukali wake ni wa kazi tu.

Mtundu nimeupata kwa muuza mbao anayetoa mzigo Tabora. Ila kuna jambo. Hapa kwenye mikoko tunapotengenezea chombo yupo mzee mmoja, Fundi Kombo, ameunda majahazi tangu ujana wake. Nilipokuwa nakusanya mawe ya kukandamizia mbao akanifuata akaniuliza, "Wewe kijana wa bara, unazika nini?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mbao hazilazwi maji ya chumvi zikiwa uchi, hazijapakwa kitu, kuna funza humo wanakula mbao.

Dokta amesikia. Ameniambia, "Gervas, usukani ni wako, amua wewe, mimi nitaukabidhi roho yangu." Baba, nifanye lipi?

Mwanao,
Gervas

*

Mwese, 30 Juni 2024

Gervas,

Tupo salama, na wewe nakuombea uzima, pamoja na akili.

Yaani mtu amekucheka na wewe unaniandikia mimi barua? Huyo Kombo ni wivu. Ameona mtoto wa bara kapewa kazi ya usukani na yeye yupo hapo hapo hajapewa. Funza wanakula maharage, wanakula mahindi, ubao ulio ndani ya maji unaliwa na nani? Miaka sitini nimelaza mbao majini, sijaona funza hata mmoja anayejua kuogelea.

Muulize kama amewahi kupigwa na dhoruba ya Ziwa Tanganyika. Muulize kina chake kinafika wapi. Halafu laza mbao.

Kama unamtaka Kombo awe baba yako basi umwandikie yeye.

Baba yako, kama bado unanitaka,
Ambrosi

*

Tanga, 3 Novemba 2024

Shikamoo Baba,

Ni muda mrefu sijakuandikia, nisamehe. Naomba uwe mzima. Mvua huko zimeanza? Hapa joto, na mimi mwili ni mzima lakini usingizi hakuna.

Barua hii usimpe Restituta. Ndiyo maana sikupiga kwenye simu yake. Angelia, halafu angemwambia kila mtu.

Nilifanya ulivyosema. Mbao nililaza miezi miwili, nikazikausha kivulini, zikatoka nzuri, zimenyooka kama ulivyoahidi. Nikaunda usukani, nikaupaka rangi mara tatu, tukaufunga kwenye bawaba zake. Dokta aliupapasa akasema hajaona kazi kama hiyo. Kombo alipita akautazama, akaenda zake.

Juzi nikakumbuka kipande cha ubao ule ule nilichokiacha majini. Nikakitoa nikakikata nitengeneze kishikio cha mlango. Baba, kwa nje kina vitundu vidogo kama vya sindano, huwezi kuviona mpaka uinamie. Ndani ni sega la nyuki. Matundu yanaingia kidole, na kuta zake zimepakwa kitu cheupe kama chokaa. Nilikibonyeza kikavunjika kwa mkono.

Lakini hicho kilikaa majini miezi minne, mbao za usukani zilikaa miwili. Labda hazijaliwa. Labda zimeliwa kidogo. Kuujua ukweli ni mpaka nitoboe usukani, na nikitoboa Dokta ataona.

Tunaondoka Jumapili tarehe 17. Baada ya hapo kibali cha bandari kinakwisha na upepo unageuka, safari ni mpaka mwakani. Dokta ameuza nyumba yake kwa ajili ya safari hii, tunalala wote humu chomboni. Kila asubuhi ananiita fundi. Nikisema, nimemvunja. Nisiposema, nitakaa siku kumi na mbili baharini nikiusikiliza usukani.

Wewe ndiye unayejua mbao. Niambie, utashika au hautashika? Ukisema utashika, nitapanda.

Mwanao,
Gervas

*

Mwese, 9 Novemba 2024

Gervas,

Nakusalimu. Sisi wazima.

Utashika. Usukani wa Ambrosi Lyamba haujawahi kuvunjika na hautaanza na wewe. Kipande kimoja kibovu si ubao wote. Funga mdomo, panda chombo, fanya kazi yako. Mtoto wa Karema haogopi maji.

Bodaboda anasubiri anakwenda Mpanda sasa hivi, nimeandika haraka.

Baba yako,
Ambrosi Lyamba, Fundi

*

Mwese, 17 Novemba 2024

Mwanangu Gervas,

Sijui barua hii utaisoma ukiwa wapi. Nakusalimu popote ulipo. Naomba Mungu uwe mzima na uwe nchi kavu.

Ile barua ya tarehe 9 bodaboda hajafika hata kona ya kwanza, mimi nikaanza kuwaza ile chokaa. Umesema matundu yamepakwa cheupe kama chokaa. Gervas, mimi miaka sitini sijaiona hiyo. Nikalala nayo nikaamka nayo. Nimekuambia kitu nisichokijua kana kwamba nakijua. Mimi najua maji ya kunywa. Hayo ya kwako hayanyweki, na mimi sikuliwaza hilo hata siku moja, tangu mwezi wa sita nimekazana na mawe na mawe.

Asubuhi yake nikaandika ya pili, nikakaa nayo barabarani kwenye kigoda. Mvua ikanyesha siku tano mfululizo. Daraja la chini likaondoka. Hakuna pikipiki iliyopanda wala iliyoshuka. Watu wanapita wananiuliza, "Mzee, unasubiri nini?" nami nawaambia nahesabu mawingu.

Restituta alikuwa na simu siku zote hizo. Ilikuwa ni kumwambia tu panda pale kanisani mtandao unapokamata, umpigie. Sikumwambia. Nilishindwa kuyapitisha hayo maneno kwa mtu mwingine. Nikamwona anapika, anafua, simu inaning'inia pale kiunoni, na mimi nimebanwa na mdomo wangu mwenyewe.

Leo Jumapili nikamwambia. Hakulia. Alinishika mkono, na vijana wawili wakanibeba na kigoda mpaka juu. Watu walikuwa wanatoka misa. Restituta akapiga, akapiga, mara ya nne akaitikia kwa kichwa kwamba imepokelewa. Alitaka kusema yeye nikamnyang'anya, maana ungesema ni woga wa dada.

Nikasema, "Gervas, usukani mbovu. Mimi nimekosea. Kombo alijua, mimi sikujua. Rudi." Nikarudia, sijui mara ngapi. Restituta anasema nilikuwa nabweka, misa nzima ilisimama, hata padri. Kisha akaniondolea simu akanionyesha imekatika. Hajui ilikatika wakati gani.

Tumepiga tena mpaka chaji ikaisha.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Baba yako,
Ambrosi

*

Tanga, 24 Novemba 2024

Shikamoo Baba,

Mimi ni mzima na niko nchi kavu. Nimeanza na hilo ili usisome siku mbili kabla ya kulifikia.

Barua yako ya tarehe 9 ilinifikia siku tatu kabla ya safari. Sitakudanganya, ndiyo iliyonipandisha chomboni. Sijawahi kukusikia ukisema kitu kikawa sivyo.

Simu ilipolia tulikuwa tumeshapita kisiwa cha Yambe, mtandao unakuja na kukatika. Nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili, Dokta yuko kwenye usukani. Akaibonyeza yeye kwa kidole, akaweka sauti kubwa. Ukatoka wewe. Dokta akasikiliza mpaka ikakatika. Akaniuliza, "Mzee anasema usukani upi?"

Nikamwambia huu. Nikamwambia yote, tangu mawe ya Juni.

Hakugomba. Aligeuza chombo polepole, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Tulipotia nanga akachukua bisibisi akauchoma usukani chini ya rangi. Iliingia mpaka kwenye mpini.

Hajanifukuza. Nilitamani anifukuze. Kasema, "Uliniambia wewe ni fundi. Utakaa hapa mpaka uwe fundi." Upepo umegeuka, safari ni mpaka mwakani. Tunalala humo humo, yeye mbele mimi nyuma, katikati kuna makopo ya chakula cha siku kumi na mbili ambacho sasa tunakula taratibu. Hana nyumba ya kurudi, na mimi sina uso wa kuondoka. Ananiita Gervas, haniiti fundi.

Nimempigia Restituta wiki nzima hapatikani, mwambie chaji isiishe tena.

Mwanao,
Gervas

*

Mwese, 8 Desemba 2024

Mwanangu Gervas,

Nakusalimu, na Dokta Audace umpe salamu zangu, akikataa kuzipokea ziache hapo karibu yake.

Barua yako nimeisoma siku moja. Nimeifungia kwenye Biblia ya marehemu mama yako. Mguu ni ule ule, na daraja bado wanaweka magogo. Padri anasema tangu aje Mwese hajasikia sauti kama yangu. Nimemwambia nikiwa kijana nilikuwa naita mtu wa Kongo kutoka Karema na anaitika. Hiyo ni kweli, usicheke.

Sasa chukua kalamu na karatasi uende kwa Kombo. Usitume mtu. Muulize usukani wa maji ya chumvi unaandaliwaje, ubao gani, unapakwa nini kabla haujagusa maji, na wale funza wanaingia mwezi gani. Muulize taratibu, asikimbie. Andika yote anayosema, hata ukiona ni upuuzi, halafu unitumie na mimi nijue.

Akikuuliza ni nani anayetaka kujua, usiseme ni wewe. Mwambie ni Ambrosi Lyamba wa Karema, mwenye mashua kumi na tisa, anauliza.

Baba yako,
Ambrosi