Lile Doa Lilikuwa la Kioo

Mama,

Ni mimi Kavira, bibi ya mutoto wako Kambale. Nilijiambia sitakuandikia mpaka hasira ipungue, mais haipungui, donc nakuandikia nayo hivi hivi. Tangu ile siku chakula kinanishinda. Kambale ananiuliza kama niko na mimba. Hapana. Ni kinyaa, Mama. Nikiona mutu anapangusa mafuta ku mudomo, natoka inje.

Nitakuambia mbele lile jambo kubwa, kisha nitakueleza namna nililijua. Haukukuwa na kifua kikuu. Haukukuwa nacho hata siku moja.

Najua ungeniambia nikae, nipumue, nianze upya. Nakaa basi.

Wakati walikuambia uko na doa ku pafu, mimi nilikuwa Beni, napiga radio, zile picha za ndani ya kifua na mifupa, za bagonjwa ku hospitali ya kule. Barabara ilikuwa mubaya, batu banakamatwa njiani, Kambale, mwenye alibaki karibu nawe Butembo, ananikataza kutoka. Nilikuwa nasikia habari zako ku telefone tu. Sauti yako ilikuwa inakatika: "Wamepiga radio, Kavira. Dokta anasema iko tache, doa, juu, upande wa kuume." Nilikuuliza kama bamepima makohozi. Ukasema bamepima, haikuonekana kitu, mais Dokta anasema radio haidanganye. Ukaanza kumeza zile dawa. Mukojo ukawa mwekundu, tumbo ikakataa kila kitu, na miguu, yenye ilianza kuvimba mbele ya dawa, ikaendelea kuvimba. Masika, mutoto wako mwanamuke, akafanya vile bamemuamuru ku hospitali: kikombe chako pembeni, sahani yako pembeni, kitanda chako karibu na dirisha.

Wewe, Mama! Mutu wa usafi kupita batu bote ba Bulengera, mutaa wenu. Siku ya kwanza nilioshea bintu ku jikoni yako, mimi bibi-harusi mupya, ulinyanyua sahani ku mwangaza ukasema, "Kavira, hii umeiosha ao umeipapasa?" Nililia nyuma ya nyumba. Ukanifuata na majivu ku mukono, ukacheka, ukanionesha namna ya kusugua chini ya sufuria mpaka inangaa. Kisha ukanipa ndizi ya kuchoma, kubwa kupita yako.

Mutu kama huyo njo bakamuweka pembeni kama mutu muchafu. Ba mama ba kanisa, wale mulikuwa munaimba nao, bakaanza kuacha nafasi ku benchi. Ku soko banunuzi bakapita mbali na shu zako, zile kabichi, na karoti zako za Masereka, bakaenda kununua kwa jirani, na ilikuwa ni Masereka moja, shamba moja. Kambale aliniambia siku moja ulirudi na mizigo yote nzima, ukaketi, ukasema tu, "Leo karoti nazo zinakohoa." Ulisema ukicheka. Mimi sikucheka.

Ukafa wakati dawa hazijaisha. Tukakupandisha Masereka, tukakuzika kule kwenu.

Nyuma ya maziko tuliamua na Kambale tusikae tena mbalimbali. Nikatafuta kazi Butembo, nikapata, na ilikuwa ile hospitali yenyewe ulitibiwa. Nilifikiri itanipa nguvu kufanya kazi pahali ulipita. Siku ya kwanza tu nikaingia ku chumba wanasomea radio, na nikasikia harufu ya makayabu, samaki ya chumvi.

Dokta Muhindo alikuwa anakula. Bugali, makayabu, sombe ya majani ya muhogo, sahani juu ya meza, na mbele yake écran, kile kioo wanatazamia picha za bagonjwa. Aliomba nimufungulie radio ya binti mumoja mwanafunzi mwenye kukohoa. Nikafungua. Akasogeza kidole, kidole kile kile kilichotoka ku sahani, akakiweka juu ya kifua ya ule binti, akakokota. Mafuta ikabaki ku kioo kama njia ya konokono. "Tache," akasema. "Juu, kuume. Andika matibabu ya kifua kikuu." Akarudilia sombe.

Nilitazama kile chumba. Kioo kimetazama dirisha, jua yote ya asubuhi inaingia ndani yake, unajiona uso wako kupita unavyoona pafu. Nikauliza pazia iko wapi. Wakaniambia gestionnaire, ule mwenye kusimamia mali ya hospitali, aliichukua, iko ku salon ya nyumba yake. Écran, kompyuta, birika ya chai na telefone za batu bote, bintu byote bilikuwa ku rallonge moja, waya moja ya kugawa umeme, na ile prise ya ku ukuta haikukuwa na waya ya terre, ile ya kushusha umeme ndani ya udongo. Nilipogusa chuma ya nyuma, courant, ule umeme, ikaniuma mpaka ku kiwiko. Mama mumoja mwenye kufagia, Mama Zawadi, aliniona nikiruka, akaniambia kwa upole, "Pole, iko inapigaka. Sisi tunapangusa na fimbo." Nikamuuliza kitambaa ya ku ile fimbo banailowesha na nini. "Na klori, Mama. Tangu wakati wa Ebola bametuambia klori kila pahali." Hakukosa yeye. Kila mulango, kila meza, kila mukono, tulipiga klori sisi bote ile miaka. Mais kile kioo kiko na ngozi nyembamba juu yake, klori inaila. Na maji ikiteremuka ku pembe, inaingia ndani.

Nikazima yote. Nikatafuta kitambaa laini, kikavu, nikapangusa polepole bila kukandamiza. Mafuta ikatoka. Tabaka juu ya tabaka, Mama, na unywele wa mutu ndani yake. Nilitema mate inje. Nilipowasha tena, mafuta haikukuwepo, mais kitu kimoja kilibaki: pahali peupe, kama ukungu, kama maziwa imemwagika kidogo ku giza. Juu. Ukitazama radio ya kifua, pale njo panaangukia pafu ya kuume.

Nikafungua tena picha ya ule binti. Ukungu uko juu ya pafu yake. Nikaisukuma picha upande mwengine. Binti alisogea, mifupa ikasogea, moyo ukasogea. Ule ukungu ulibaki pale pale.

Nikaita Dokta Muhindo. Nilimuonesha tu: nasukuma, narudisha. Akaacha kutafuna. Akachukua mwenyewe ile souris, kipanya cha kompyuta, akafungua mugonjwa mwengine, na mwengine, anasukuma, anarudisha. Batu bengine pafu yao ikatokea nyeusi, nzuri, tupu. Mumoja, mzee wa Lubero, doa lake lilisogea pamoja naye. Ule alikuwa mugonjwa kweli. Dokta akakaa. Jasho ikamutoka ku pua. "Banaweza kuja kunipiga mawe," akasema.

Hilo njo neno lake la kwanza, Mama. Mawe. Juu ya kichwa yake yeye.

Mimi nilikuwa nafikiri wewe tu. Nilingoja atoke, nikatafuta jina lako. Nikakosea kuandika jina yako mwenyewe. Ukatokea. Nilikujua ku ule mufupa wa bega uliovunjika zamani ulipoanguka ku moto, ile pikipiki, ya kutoka Masereka. Nikakusukuma mbali na ule ukungu.

Pafu yako ilikuwa safi, Mama. Na katikati ya kifua, moyo wako ulikuwa mukubwa, umetanuka, umejaa upande mpaka karibu na mbavu. Haukujificha. Kioo kimoja tu chenye kuwekwa vizuri, na jicho moja lisilo na haraka ya sombe, vingetosha.

Sikutaka kujiamini peke yangu. Nilituma picha Beni, kwa dokta mwenye nilitumika naye, mwenye kioo chake kiko ku chumba cha giza na anakipima kila asubuhi mbele ya kazi. Sikumuandikia jina wala habari. Akanijibu haraka: "Mapafu hakuna kitu. Moyo ni mukubwa sana. Huyu mama anakunywa dawa gani ya moyo?"

Anakunywa. Aliandika hivyo, kama vile ungali hai, uko ku kitanda unangoja. Nilisoma ile message nikiwa nimesimama ku mulango wa hospitali, batu banapita na bagonjwa babo. Mpaka leo sijamujibu.

Nikaingia kwa gestionnaire. Nilimueleza yote kwa heshima, vile ulinifunzaka kuongea na bakubwa. Alikuwa na kijiti ku meno. Akaniambia, "Madame Kavira, mutu akishakufa, mambo yake imeisha. Bagonjwa bakisikia hii habari, batakimbia hospitali. Tuweke hiyo écran ku dépôt, ku stoo, tunyamaze." Kisha akafikiri kidogo, akatabasamu: "Ao ichukue wewe nyumbani, bana batazamie filme."

Mama, nilimutazama ile kijiti ikizunguka ku mudomo. Nikatoka, nikafika nyuma ya jengo, nikatapika chai yote ya asubuhi. Mama Zawadi akaniletea maji.

Nilirudi kwa Dokta Muhindo. Nikamuonesha picha yako, nikamuambia wewe ni mama ya bwana yangu. Nikamwambia, "Dokta, ule binti ameanza dawa. Ukinyamaza, mimi nitaenda kwao na miguu yangu, nitabaambia." Akavaa blouse yake, ile koti nyeupe ya kazi, akaniomba nimutafutie bagonjwa bote balisomewa ku kile kioo. Ninataka kuwa wa haki kwake: alibaita. Yeye mwenyewe ku telefone, mumoja mumoja, anabaomba barudi kupigwa radio upya. Ule binti alikuja na mama yake. Dokta akamusimamishia dawa, akamueleza ukweli mbele ya uso wake, na mama yake akamutukana kwa Kinande mpaka sauti ikakauka. Alistahili. Alisimama akapokea yote.

Mais kwetu hakuja. Kwetu alituma chauffeur, dereva wake, na gunia la muchele. Chauffeur akasema, "Dokta anawapa pole." Kambale aliuliza pole ya nini, na ule kijana hakujua. Mutoto wako, unamujua, hapigi kelele. Akabeba gunia ku bega, akalirudisha mwenyewe ndani ya gari, akafunga mulango wa gari polepole. Jioni alilia ndani ya nguo zako alizozikunja ku sanduku. Yeye pia, ninaona, hakuniambia yote aliyokuwa nayo ku roho tangu ulikufa.

Écran mupya, yenye Dokta Muhindo alilazimisha inunuliwe, imefika. Ilipitia Kasindi ku mupaka, ikakaa ku douane, ku forodha, ikapanda na camion. Ni ile ya kazi ya hospitali kweli, ya kusomea radio, sio tele ya kutazamia filme. Gestionnaire alitaka itundikwe ku salle, kile chumba cha kungojea, ionekane na bageni. Dokta Muhindo akamukatalia mbele ya batu, na mimi nikasimama nyuma yake.

Nimeiweka na mikono yangu. Niliiacha kwanza ndani ya karto, sanduku yake, mpaka ikazoea joto ya chumba, kwani ilitoka ku baridi ya njia, na maji ya baridi ingejikusanya ndani. Nilimuita fundi wa courant, akachimbia waya ya terre ndani ya udongo, akanionesha na kipimo chake kwamba sasa chuma haiume tena. Prise yake ni yake peke yake, birika imehama. Nimeipa mugongo dirisha, na nyuma nimeacha nafasi ipumue. Pazia, nilienda kuichukua ku salon ya gestionnaire. Ndiyo, Mama. Bibi yake alifungua, nikamusalimia, nikapanda ku kiti, nikaitoa. Kila asubuhi ninafungua picha ya kupimia, yenye rangi kutoka nyeusi mpaka nyeupe, na natazama kama kila giza linaachana na jirani yake. Klori haiingie tena mule. Mama Zawadi njo analinda kitambaa kikavu, na mutu akikaribia na chakula anamufukuza kupita mimi.

Inafanya kazi vizuri. Na hiyo ninaichukia pia. Kuweka kioo vizuri ni kazi ya siku moja, Mama. Siku moja tu! Wewe bakakufanya muchafu miezi mingi, bakakumezesha sumu yenye haikukuhusu, kwa sababu hakuna mutu alisimama hiyo siku moja kufanya kazi yake.

Juu ya Masika. Hajui bado. Aliendelea kukutengea kila kitu kwa sababu balimuamuru, na angali anaosha mikono kila mara anapokutaja. Usimukasirikie. Mimi nitamukamata mukono nikimuambia, na nitamungojea mpaka aniamini.

Jumapili, siku ya Mungu, tunapanda Masereka ku kaburi yako, sisi bote ba nyumba. Dokta Muhindo nilimuambia aje; sijui kama atakuja. Ninakuahidi hili: wakija ba mama ba kanisa, wakija banunuzi ba soko, nitasimama karibu na kaburi yako, sitashusha sauti. Nitasema jina yako nzima, na nitasema ulikufa na ugonjwa wa moyo, na pafu yako niliitazama mimi mwenyewe. Mwenye kutaka kuona, nitamupeleka ku kioo.

Wasingya, Mama, asante. Wasingya kwa kila kitu. Pumzika kule juu ku hewa yako ya baridi, pumua sana.

Mutoto wako,
Kavira