Ulimwacha Mwanasha, Hukumwacha Stamili

Baba Stamili, huna haya. Mtu mzima mwenye mvi ameshuka kutoka Newala kwa miguu, mjomba wa mwanao, akavua kofia mbele yako akakuomba, na wewe ukamjibu kwamba utafikiri. Ulikuwa na nini cha kufikiri? Hukumfukuza kwa kumtukana, la, ulimfukuza kwa maneno laini, kisha ukachukua kalamu ukaniandikia mimi ili nikuambie umefanya vema. Umetia jina lako lote, nami sikulificha. Wasomaji waisome kwanza barua yako, halafu mimi na wewe tutazungumza.

*Mpendwa Bibi Ethel, shikamoo. Naomba msaada wako kwa sababu nimekwama na usingizi umenihama. Mimi ni Lukmani, mkulima wa korosho na mihogo hapa Chiwata, na mke wangu wa kwanza Mwanasha nilimwacha wakati ule nilipokuwa utingo wa malori kule Nachingwea kwenye mashamba ya karanga, tukaachana kwa talaka ya haki mbele ya shehe, yeye akarudi kwao Newala na mtoto wetu Stamili, na mimi mtoto sikumtupa, Bibi, kila msimu nilipeleka mahindi, na sikukuu nilipeleka nguo, na ada ya shule nililipa mpaka akamaliza darasa la nane, na mwaka jana alipochezwa unyago nilikwenda siku ya kutoka, nikamvika kanga mpya, nikatoa kuku na mchele, wanawake wakapiga vigelegele, nami nikarudi nyumbani nikijisemea moyoni kwamba sasa nimemaliza, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake na mjomba ndiye mwenye neno, na mwali aliyetoka ni mtu mzima, baba hadaiwi tena.*

*Sasa Stamili ameitwa chuo cha ualimu. Chakula watapewa hukohuko lakini anatakiwa aende na sanduku, mablanketi, viatu, sare na nauli, na ada kidogo kila muhula. Mwanasha alinitumia habari, nikajibu, "Mwambieni mjomba wake." Ukweli, Bibi, nilifurahi kuwa na jibu hilo. Kisha Stamili akaja mwenyewe, akaniamkia, akamsaidia mama yake mdogo, mke wangu wa sasa, kuokota korosho kutwa nzima, hakuomba kitu, jioni akaaga. Mke wangu akaniambia, "Mwanao alikuja na neno, na wewe ukajifanya huoni." Nikamwambia aangalie chungu chake kisiungue.*

*Juzi ndipo akaja Mohamedi, kaka yake Mwanasha. Tangu talaka hatujakaa mkeka mmoja. Nilimpa maji, akanywa, akanawa mpaka miguu, akasema, "Chiwata mnaishi kama masultani. Maji haya sisi kule juu tungeyapikia, tukayaogea, na mbuzi angebakiziwa." Tukacheka. Halafu akavua kofia.*

*"Shemeji," akasema.*

*Nikamwambia, "Ushemeji ulikwisha, Mohamedi."*

*"Ulimwacha dada yangu. Mimi hukuniacha."*

*Akaendelea, "Moto wa watu wanaosafisha mashamba umenilia mikorosho yote ya bondeni. Mwanasha anafinyanga vyungu mpaka vidole vimechubuka. Kazi hii ni yangu mimi mjomba, najua, na mwaka huu imenishinda. Njoo tumbebe mtoto pamoja. Akikosa kuripoti chuo kikifunguliwa, nafasi atapewa mwingine, na yuko mtu amekwisha kuleta posa."*

*Nikamwambia nitafikiri. Akavaa kofia akaenda zake. Na jambo la ajabu, Bibi, alipokwisha kuondoka nilijiona mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, wala sijui kwa nini, maana hakuna kilichokuwa kimeamuliwa. Lakini roho nyingine inaniambia, wewe Lukmani utatoa, na sifa zitakuwa za mjomba, mahari atakula mjomba, na mshahara wa ualimu utabaki Newala. Je, baba aliyekwisha kuacha, na mtoto amekwisha kuchezwa, bado anadaiwa? Nisaidie. Lukmani, Chiwata.*

Marahaba. Nisikilize sasa.

Nilipokuwa naisoma barua yako nilishika kifua, nikidhani huko chini utaniambia mtoto amekwisha kuolewa na nafasi imepotea. Nilipofika mwisho nikaona bado, nilishusha pumzi, nikajipikia chai. Mshukuru Mungu wako. Wapo wanaoniandikia jambo likiwa limekwisha kuoza.

Lakini usinitajie desturi. Mimi darasani sikukaa sana, ila unyagoni nimefunda wali wengi kuliko mikorosho yako. Kungwi humwambia mwali kwamba amekua. Hamwambii kwamba baba yake amekufa. Na hilo la mjomba ni kweli, sisi ni watu wa upande wa mama na sioni aibu. Lilitosha zamani, mtoto alipokua akahitaji jembe na kipande cha shamba. Chuo cha ualimu wazee wetu hawakukiona, sasa unawatilia maneno kinywani kwa nini? Na wewe mwenyewe desturi huifuati, unajificha nyuma yake tu. Ungekuwa unaifuata, usingelipa ile ada ya darasa la nane.

Ule wepesi ulioujia moyo wako, nakuambia ni nini. Miaka yote hii uliogopa kwamba ukoo ule umekufuta. Mohamedi alipokuita shemeji alikurudishia mtoto mikononi. Ubaba ukaupokea, ukafurahi, blanketi ukakataa. Vitu hivyo haviachanishwi. Mkorosho unaupanda ili ule korosho zake. Mtoto si mkorosho, Lukmani, na mahari usiyahesabu wakati mwenyewe anahitaji viatu.

Na wewe Mohamedi, gazeti hili linafika hapa kwetu Newala, najua litasomwa barazani nawe utakuwepo. Umefanya la kiume kushuka mteremko ule na kukiri umeshindwa, nakusifu. Lakini posa hiyo irudishe leo. Usimpeleke mtoto chuoni huku umemfungia mchumba nyuma yake kama kamba ya mbuzi.

Tena mzigo wenyewe si mzito kama unavyoulilia, Baba Stamili, mkiushika mikono mitatu. Vyungu vya Mwanasha vitoe sare. Mohamedi atatafuta nauli, hata kwa kibarua, maana mikono yake haikuungua pamoja na mikorosho. Sanduku, mablanketi, viatu na ada ni vyako, muhula kwa muhula, bila kukumbushwa, mpaka siku mtoto atakapopokea mshahara wake mwenyewe. Hapo ndipo utasema umemaliza, na hakuna atakayekubishia, hata mimi.

Korosho umekwisha kuuza. Malori ya wanunuzi tumeyaona yakipita. Basi Ijumaa ukitoka msikitini usigeukie nyumbani. Ingia dukani, nunua mablanketi mawili mazito, si yale yanayoonyesha upande wa pili, upande nayo Newala yakiwa begani, umkabidhi Stamili mkononi mwake mbele ya mama yake na mjomba wake, na siku ya safari umfikishe chuoni wewe mwenyewe.

Bibi Ethel, Newala