Somo Alilolichagua Wakesho

Jumanne, 3 Februari

Nimesahihisha madaftari ya Gredi ya Pili mpaka shingo ikaniuma. Halafu nikamsomea Wakesho Jiografia huku akichambua mchicha. Ndiyo kawaida yetu kila jioni. Mimi nasoma, yeye anashika kichwani. Binti yangu huyu ana akili ya kushika. Ukisema mara moja, limekaa.

Leo ameniambia masomo aliyochagua. Ameingia Gredi ya Kumi mwaka huu, shule ya kutwa kule Voi. Biolojia. Jiografia. La tatu, Stadi za Kusoma.

Nikadhani amekosea. Hakukosea. Ni somo la hiari ambalo shule yao imelianzisha, la kuwasaidia wanaosoma kwa shida na wasiojua kupanga masomo yao. Analifundisha Salome. Salome niliyesoma naye chuo cha ualimu!

Nimeona aibu, basi. Hapa kwetu Mbololo kila mtu anajua mimi ndiye hufundisha watoto kusoma.

Alhamisi, 5 Februari

Nimeomba ruhusa kazini, nikashuka Voi. Nimemwambia naibu mwalimu mkuu kwamba binti yangu alikosea kuchagua, aandikwe Kompyuta. Akaniuliza kama Wakesho mwenyewe anajua. Nikasema anajua.

Uongo. Umenitoka kirahisi kama salamu.

Nikapita mlango wa Salome haraka haraka asinione.

Jioni nikamwambia Wakesho. Hakulia. Amesema tu, "Sawa, Mama," akaenda kuoga. Nimejiambia siku moja atanishukuru. Mwenyewe siamini.

Jumatatu, 9 Februari

Hataki tena nimsomee. Nikimwita anasema amechoka. Baba yake amepiga simu kutoka mpakani Malaba, yuko na lori, foleni haisongi. Ameuliza msichana ana nini. Nimemwambia ni joto.

Darasani leo Mwadime alikwama kwenye neno "mnyama". Nikamngoja. Alikodoa macho, akalamba midomo, akalipata. Watoto wakampigia makofi.

Nawangoja wote. Wangu sikumngoja. Nilikuwa namtajia neno kabla hajafungua mdomo, kwa sababu chungu kiko motoni, kwa sababu nimechoka, kwa sababu nilitoka kungoja watoto wa wenzangu mchana kutwa. Kisha nikaacha kabisa kumpa kitabu. Nikawa nasoma mimi.

Nilijua anasoma kwa shida. Hilo ndilo linaloniuma. Si kwamba sikujua.

Jumatano, 18 Februari

Shule ilinipigia simu saa saba. Mwalimu wa Kiingereza alimwambia Wakesho asimame asome ukurasa. Akasimama. Akakitazama kitabu. Mtu akacheka, halafu wengine. Akakiweka kitabu mezani, akatoka. Getini mlinzi alidhani ametumwa, akamfungulia. Simu hana, shuleni haziruhusiwi.

Nimezunguka Voi yote. Sokoni. Stendi. Stesheni ya treni, askari akanizuia mlangoni kwa kuwa sina tiketi, nikampigia kelele mbele ya watu. Nimeuliza vijana wa boda. Kila lori lililopita kwa barabara kuu nililichungulia dirishani.

Saa kumi na moja hivi dada yangu Mkawasi akapiga. Ana hoteli ndogo Maungu, anawapikia madereva.

"Mtoto wako yuko hapa, anaosha vyombo. Amesema usije leo."

Nimeenda.

Alhamisi, 19 Februari

Niandike ya jana vizuri, kabla sijaanza kuyapamba.

Nilimkuta nyuma ya hoteli, amechuchumaa mbele ya karai, sketi ya shule imelowa. Hakugeuka.

"Mama, mimi sikukosea kuchagua."

"Najua."

"Madam Salome alipita madarasa yote, akasema anayetaka aende. Nilienda mwenyewe. Aliniuliza nakwama wapi. Wewe hujawahi kuniuliza."

Nilitaka kujitetea. Kazi. Baba yake hayupo. Hata maneno yenyewe yalinichukiza kabla sijayasema. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa, nikaanza kusuuza sahani alizosugua. Tulifanya hivyo muda mrefu. Mkawasi alichungulia mara moja, akarudi kwa chapati zake.

Nikamwambia nilidanganya. Kwamba naibu aliniuliza kama yeye anajua nami nikasema ndiyo. Hapo ndipo alipogeuka kunitazama. Heri angeendelea kunipa mgongo.

"Kwa hiyo walidhani ni mimi nimekataa," akasema. "Ndiyo maana Madam hakuniuliza kitu tena."

Sikuwa nimewaza hilo. Nilimwondoa darasani na bado nikamwachia yeye lawama.

Ijumaa, 20 Februari

Tumeenda pamoja. Nimemwambia naibu ukweli, Wakesho akiwa amekaa pembeni yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nafasi imeshachukuliwa na mwanafunzi mwingine, na darasa limejaa hadi muhula ujao.

Sikutegemea hilo. Nilidhani nikishajidhalilisha mambo yatarudi yalivyokuwa.

Salome amekubali kumfundisha saa ya chakula, siku ambazo hana mikutano. Si kila siku. Wakesho atakuwa anakula mbio mbio. Kompyuta itabidi aendelee nayo kwa sasa. Amekasirika, na ni haki yake.

Salome hakunigombeza. Amenivutia kiti, akaniuliza habari za Mbololo kama tulikutana juzi. Laiti angenigombeza. Nilipoaga akanishika mkono.

"Nyumbani usimsaidie, dada. Akitaka, atakuja mwenyewe."

Maneno hayo hayo huwa nawaambia wazazi wa wanafunzi wangu kwenye mikutano, nikiwa nimesimama mbele, nimevaa nguo nzuri.

Jumanne, 24 Februari

Salome alikuwa na mkutano leo. Wakesho amerudi na chakula chake hakijaguswa. Alikaa akimngoja mlangoni kipindi chote.

Hakunilaumu kwa mdomo. Nimekipasha moto chakula kile, nikakila mimi.

Jumapili, 8 Machi

Mvua ya kwanza imepita asubuhi, kidogo tu, vumbi limetulia. Tumetoka kanisani mapema.

Bado hanisogelei kama zamani. Ananijibu, lakini haanzi yeye mazungumzo. Sijui itachukua muda gani. Sitamharakisha.

Alasiri nilikuwa nyuma ya nyumba nikianua nguo nikasikia sauti yake jikoni. Anasoma. Kitabu cha hadithi alichopewa na Salome, cha Kiingereza, hadithi ya mbuzi aliyeingia benki. Polepole sana. Anaurudia mstari, anarudi nyuma, anaushika tena. Mahali fulani akasoma neno vibaya, mbuzi akawa amemla meneja, "ate" badala ya "met". Akagundua. Akacheka peke yake, cheko la tumboni, kisha akalisoma upya.

Sijawahi kumsikia akicheka kosa lake.

Nimesimama ukutani na shuka mkononi mpaka akafunga kitabu. Halafu nikazunguka kwa mlango wa mbele, asijue nilimsikia.