Ramani Yangu Imewaponza Akina Mama

Jumanne. Joto la Kilifi leo halina adabu, na mimi nimeamka na hasira. Hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe, kwa hiyo haina pa kwenda.

Mwaka huu shahada yetu ya uzamili ya sayansi ya data iliongezewa somo la mazingira. Tulishangilia. Tukalisomea ndani ya chumba chenye kiyoyozi, mapazia yameshushwa, muhula mzima. Tope hatukulikanyaga hata siku moja.

Kwa mradi wangu nilichukua picha mbili za setilaiti za mahali ambapo shangazi yangu Sidi na kikundi chake cha akina mama wamepanda mikoko. Nikaifundisha kompyuta izilinganishe. Ikajibu kwamba miche mingi imekufa. Mwalimu wangu aliisifu ramani, akaipeleka kwa wafadhili wa upandaji huo, nao wakakiondoa kikundi cha shangazi. Eti hakitunzi miti.

Jumapili nilikwenda kumwamkia, nikamwonyesha ramani kwenye simu. Akaitazama, akauliza:

"Mwanangu, hizi picha zilipigwa maji yamejaa au yametoka?"

Nikamwambia nitaangalia.

Jana nimeangalia. Ya kwanza maji yametoka, ya pili yamejaa pomoni. Kompyuta iliona maji palipokuwa na miche, ikahesabu vifo. Miche i hai, ilikuwa imefunikwa kwa saa chache tu, kama inavyofunikwa kila siku ya Mungu. Kwetu hata mtoto haendi kuchokoa chaza kabla hajauliza habari za maji. Na mimi nimezaliwa hapo! Elimu gani hii inayomsahaulisha mtu kupwa na kujaa?

Asubuhi nimemwendea mwalimu. Ameniambia nitie sentensi moja kwenye sura ya mwisho, chini ya mapungufu ya utafiti, nifuzu kwanza. Nikiiondoa ramani, mradi unaanza upya na mahafali ya mwaka huu yananipita. Mapungufu! Wanawake wazima, na jasho lao lote, wawe sentensi moja.

Nakiri, nilishawishika.

Mchana nimewaandikia wafadhili kwamba ramani si ya kweli na kosa ni langu, nakala kwa mwalimu. Nimetuma haraka kabla sijaanza kujionea huruma. Kama watawarudisha akina mama, sijui. Kuwaondoa hakukuwachukua hata wiki.

Jioni shangazi amepiga simu. Mikoko hakuitaja. Akina mama wale wale niliowaponza wameshanunua leso za sare za kujifunga, waje kunishangilia siku ya kufuzu. Alitaka tu kujua ni mwezi gani.

Nimemwambia simsikii, mtandao mbaya, nikakata.

Nilikuwa namsikia vizuri sana. Kesho nitakwenda kwake nimwambie usoni kwamba mwaka huu wasinivalie.