Shirini, Tulipanda Mlima kwa Ajili ya Wenye Njaa

Mpendwa rafiki yangu Shirini,

Jana tulitembea tena. Tulianzia mtaa wa Majengo, mjini, kama zamani, tukapandisha hadi kanisani kwetu mlimani, na njia nzima nilikuwa nawe moyoni.

Unakumbuka mara ya kwanza? Mwalimu alitutangazia darasani kwamba kutakuwa na matembezi ya hisani, kuchangia watu wenye njaa katika nchi ambazo hata kwenye ramani tulizitafuta kwa shida. Kila mtembeaji atafute mfadhili. Mimi, mtoto wa mkulima wa kahawa, nilikuwa sina wa kumwomba. Ukanishika mkono hadi dukani kwenu, katikati ya majora ya vitambaa, ukamwambia baba yako, "Huyu naye ni wako." Mzee akacheka, akakubali kutuchangia sote wawili, kwa kila maili tutakayotembea.

Tukatembea mwaka ule, na mwaka uliofuata, na mingine. Tukifika juu ulikuwa unakwenda moja kwa moja jikoni kwa mama yangu. "Shikamoo mama," halafu unachukua kisu unamenya naye ndizi za supu ya mtori, vidole vyako vikiwa vyeusi kwa utomvu. Mama alikuwa akiniambia, "Mwenzako ana mkono wa kazi kuliko wewe."

Kisha ukaja mwaka wa serikali kutaifisha majengo ya wenye mali. Nyumba yenu ilikuwa mojawapo. Sikudhani utakuja kutembea, lakini ulikuja, na viatu vyako vya raba, ukasimama kando yangu kama kawaida. Tulipofika penye kilima kikali, kijana mmoja nyuma yetu akapaza sauti: "Mnyonyaji naye anatembea kwa ajili ya maskini!" Watu wakacheka. Ukanitazama.

Shirini, ulinitazama mimi, si yeye. Nami nikaongeza mwendo. Nilikuacha kwenye kilima kile, ukapanda peke yako, na siku hiyo hukuja jikoni kwetu.

Wiki iliyofuata nilikuwa bandani nikimkatia ng'ombe majani ya migomba niliposikia sauti yako uani.

"Shikamoo mama. Ndeshi yupo?"

"Marahaba mwanangu. Alikuwa hapa sasa hivi. Ndeshi! We Ndeshi!"

Nilibana pumzi nyuma ya ukuta wa mbao, nikakuona kwa upenyo umekaa kwenye kigoda, mikono magotini. Ulisubiri sana. Nilijiambia nitatoka ukiniita mara moja tu. Hukuita. Ulipoinuka, Mama alikufungia ndizi kwenye kitambaa, akakusindikiza hadi barabarani.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Wanahamia Kanada kesho. Alikuja kuaga."

Nilikimbia nikiteremka bila viatu hadi kwenye daraja. Basi la mjini lilikuwa limekwisha kuondoka nawe. Kesho yake alfajiri nilishuka mjini, nikakuta fundi cherehani wa barazani kwenu peke yake. "Wameshakwenda, dada," akasema, akaendelea kushona.

Leo nina watoto watatu. Sukari tunaipata kwa foleni, na sabuni vivyo hivyo, lakini matembezi hayajakoma hata mwaka mmoja. Wapo wanaoniuliza, sisi wenyewe tuna dhiki, tunatembea kwa ajili ya nani? Nawaambia wapo walio na dhiki kuliko sisi, na miguu tunayo.

Natamani kukusikia ukihema kando yangu. Natamani unitukane kwa Kigujarati, kisha tuendelee kupanda. Niliogopa watu, rafiki yangu, nikakuaibisha wewe na nikajiaibisha mimi. Nisamehe.

Kila mwaka, kabla ya kuanza kutembea, naandikisha majina mawili mezani kwa karani, langu na lako. Jana karani alikuwa mgeni. Akatazama nyuma yangu, akauliza, "Mama, huyu Shirini mbona simwoni?"

Nikamwambia, "Yuko nyuma kidogo. Namsubiri."

Baki salama huko kwenye baridi,

Mwenzako wa njiani,
Ndeshi